Siku Tuliyompeleka Kashata Ng'ambo ya Mlima

Jirani yetu wa chini hupika majani ya mzabibu kila Alhamisi. Huyachemsha kwanza peke yake, kabla ya kuyakunjia wali na nyama ya kusaga, na harufu yake, chachu kidogo, mbichi kidogo, kama nyasi zilizosahauliwa ndani ya ndoo ya maji, hupanda ngazi mpaka mlangoni petu. Mimi hufika wakati huohuo kutoka skuli ninayofundisha, kule mtaa wa Al-Malqa, mkoba begani, koo limekauka kwa kusema mchana kutwa. Mume wangu akiwa nami husimama kwenye ngazi akaivuta puani kama mtu anayefukizwa udi. Mimi hupita. Si kwamba inaniuma. Inanitia ganzi tu, kama mkono uliolaliwa, na nikishaingia ndani huketi na viatu vyangu miguuni, nikangoja damu irudi.

Nikikwambieni kwamba harufu hiyo hunikumbusha mbwa, mtanicheka. Lakini ndivyo ilivyo. Hapa Riyadh sijawahi kumsimulia mtu, hata mume wangu hajui zaidi ya nusu yake. Ni habari ya mbwa huyo, na kaka yangu Nassor, na siku moja niliyotembea na baba katika vilima vya zabibu vya Taif nilipokuwa na miaka kumi.

Tulikuwa tukikaa Jeddah, mtaa wa Sharafiya, katika jengo ambalo chini yake kulikuwa na duka la simu na mkahawa wa Wayemeni. Bibi, mama yake baba, alitoka Unguja baada ya mapinduzi na mimba ya baba tumboni, akazeeka Jeddah bila ya kukubali kwamba amehamia. Kiarabu alikisema sokoni na kwa daktari. Ndani ya nyumba kilikuwa Kiswahili chake, na aliyekivuruga aliambiwa aseme tena, polepole. Baba alikuwa fundi wa viyoyozi vya magari, mtu wa maneno machache. Mama ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba ya wote wawili. Nassor alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, mwenye kicheko kinachotokea puani, na kila alichokipenda alikipenda mpaka kikawa udhia kwa watu wengine.

Hivyo ndivyo alivyompenda Kashata. Alimkuta kwenye jaa nyuma ya mkahawa, kitoto cha mbwa koko, rangi yake kama kashata ya sukari iliyoungua kidogo, akampandisha juu ya paa ndani ya katoni ya mashine ya kufulia. Kwetu sisi mbwa hafugwi ndani ya nyumba. Bibi alikuwa akisema malaika hugeukia mlangoni. Kwa hiyo Nassor hakumwambia mtu ila mimi, na mimi alinilipa kwa peremende ili nisiseme.

Baada ya siku chache Bibi akaanza kusikia sauti.

"Nani huyo anakohoa huko juu?"

"Kiyoyozi, Bibi," akasema Nassor. "Kimeingia vumbi."

Baba hakuwa mtu wa kusikia kiyoyozi kinakohoa akakaa kitako. Alichukua bisibisi akapanda. Alikaa huko juu muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, na aliposhuka suruali yake ilikuwa imejaa manyoya, na midomo yake ameibana asicheke.

Bibi hakucheka. Alimsimamisha Nassor bafuni, akachota udongo kwenye chungu cha mrehani wake, akamwosha mikono na kumhesabia maosho kwa sauti, na kila Nassor alipoharakisha alimrudisha mwanzo. "Leo utaoshwa hata jina," alimwambia. Kisha, alipokwisha, akajifuta mikono na kutoa hukumu: mbwa wa shamba ana ruhusa yake, basi akakae shamba.

Shamba lilikuwepo. Ami Hemed, mdogo wake baba, alikuwa mwangalizi wa shamba la kafili wake, Msaudi aliyemdhamini kukaa nchini, juu ya milima ya Taif, mwendo wa saa chache kutoka Jeddah kwa gari. Lilikuwa shamba la mizabibu na mikomamanga, limejengwa ngazi kwa ngazi ubavuni mwa mlima, kila ngazi imezuiwa kwa ukuta wa mawe. Nimesikia kwamba katika nchi nyingine vilima kama hivyo ni vya mvinyo. Kule kwetu zabibu zililiwa, nyingine zikakaushwa, majani yakauzwa kwa wapishi, na nyuki na nyigu wakachukua fungu lao kabla ya kila mtu.

Kashata akakulia huko. Takriban kila mwisho wa wiki Nassor alipanda gari la abiria kwenda kumwona, akarudi na vumbi jekundu kwenye soksi na Mama akamgombeza kwa ajili ya soksi. Walikuwa wakizunguka vilimani kutwa. Jambo la kuchekesha ni kwamba mbwa yule alijua Kiswahili tu. Wafanyakazi wa shamba walimwita kwa Kiarabu na kwa Kiurdu, akawatazama kama vile wanazungumza na mtu aliye nyuma yake, wakaamini ni kiziwi. Lakini Nassor alimwambia "kaa" akakaa, "njoo" akaja, "twende" akatangulia, "basi" akaacha alilokuwa akilifanya. Na siku ya kuondoka Nassor alimwambia "nakuja," kama tunavyosema sote tunapotoka. Kashata alipolisikia neno hilo alilala pale pale, kidevu juu ya miguu, akangoja. Ami Hemed alisema kuna wakati alingoja mpaka siku ya pili kabla ya kuinuka kwenda kula.

Nassor alifariki uwanjani akicheza mpira na wenzake. Hakuna aliyemgusa. Alikuwa anakimbia, akaanguka, na daktari akasema ni moyo. Alizikwa asubuhi yake.

Mimi nilikula. Naanza na hilo kwa sababu watu walilisema. Wanawake walileta wali na mchuzi kwenye masufuria makubwa, nami nilikula kila nilichopewa, nikafanya hesabu za skuli, nikatazama vikatuni, na sehemu za kuchekesha nikacheka. Mama mmoja alimwambia mwenzake, mimi nasikia, "Mtoto huyu hana habari." Nilikuwa nayo habari. Niliijua kama unavyojua mji mkuu wa nchi usiyowahi kufika. Chini ya meza ya kusomea nilijifinya mkono nione kama nasikia maumivu, nikayasikia, lakini kwa mbali, kama mtu anayegonga mlango wa jirani.

Mama alilala kwenye godoro sebuleni, uso ukutani. Hakukataa kusema. Ukimwuliza kitu alikutazama kama mtu anayengoja afasiriwe, halafu akageuka tena. Bibi alisoma Kurani. Baba alirudi karakana mapema sana, akafungua na kufunga skrubu, na mimi nikitoka skuli nilipelekwa kwake kwa sababu nyumbani hakukuwa na wa kunitazama.

Nilikuwa nimekaa juu ya tairi siku Ami Hemed alipopiga simu. Mikono ya baba ilikuwa na grisi, akaiweka simu mezani itoe sauti.

"Kaka, nisamehe kukuletea haya ndani ya msiba," Ami Hemed akasema. "Mbwa hali. Kila siku anashuka barabarani, analala pale gari linaposimama. Jana lori limemkwepa, nusura litumbukie bondeni. Kafili ameshasema, halas, imetosha. Nimwondoe kabla wiki haijesha, au atamleta mtu na bunduki."

Baba alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Mwambie asilete mtu," akasema. "Ijumaa nitakuwa huko."

Ijumaa, baada ya sala, akaniambia nivae viatu vya skuli, vile vya kufunga kamba. Nilimwuliza tunakwenda wapi. "Kwa Ami Hemed. Kuna mtu ng'ambo ya mlima huenda akamchukua Kashata. Tutampeleka." Nikasema sawa. Mama alikuwa kwenye godoro lake. Baba aliinama akamwambia jambo sikioni, na Mama hakugeuka.

Barabara ya Hada hupanda mlima kwa kona, kona juu ya kona, na kwenye kona hizo hukaa nyani wakingoja watu wawatupie ndizi. Nassor alikuwa akiwapa majina ya walimu wetu, nasi tulicheka mpaka Mama akasema tutatapika. Siku ile nyani mmoja alikuja mpaka dirishani kwangu, mtoto wake kifuani. Tulitazamana. Sikuwa na la kumfikiria. Baba aliendesha bila redio, na kadiri tulivyopanda ndivyo hewa ilivyopoa, masikio yakaziba, na nikaona nafuu yalipoziba.

Kashata alikuwa pale pale tulipoambiwa, kando ya lami. Mbavu zake zilihesabika. Alilijua gari letu. Aliinuka akaja mbio mpaka dirishani kwangu, akaninusa vidole, kisha akazunguka kwenda mlango wa nyuma, akaweka miguu juu ya kioo akachungulia. Akazunguka upande wa pili, akachungulia tena. Halafu akakaa mbele ya mlango ule, mkia ukifagia changarawe, kama mtu aliyekubali kwamba anayemngoja anafunga viatu.

Baba alishuka akamfungulia. Kashata akaingia, akanusa kiti chote, akanusa chini, akatoka. Akakaa tena mbele ya mlango ulio wazi.

"Hayupo, baba," baba akamwambia mbwa.

Ami Hemed alikuwa amefika, akatazama chini. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika chupa ya maji, na nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa nikifikiria kama chupa ile inavuja.

Ulikuwa msimu wa mavuno. Malori madogo yalikuwa yakipakiwa, na Ami Hemed asingeweza kuondoka. Alitupa kamba, mkate, jibini na shada la zabibu ndani ya mfuko, akatuelekeza: pandeni ngazi za shamba mpaka juu, vukeni mgongo wa mlima, teremkeni upande wa pili mpaka mtakapoona zizi la mawe. Hapo anakaa Awadh, mchunga mbuzi, ambaye mbwa wake alikufa kwa uzee. Njia ya gari hakuna.

"Na mtoto pia?" akauliza.

"Na mtoto."

Tukapanda. Baba alishika kamba, Kashata katikati, mimi nyuma. Mizabibu ilitambazwa juu ya vyuma vifupi, na chini yake kulikuwa na kivuli cha kijani ambacho mtoto wa urefu wangu angeweza kutembea ndani yake bila ya kuinama. Baba aliinama. Majani yalikuwa yamelowa umande wa ukungu na harufu yake ilishika kwenye nguo. Zabibu zilizoiva kupita kiasi zilikuwa zimeanguka, tukazikanyaga, nyigu wakazunguka miguu yetu bila ya haraka. Mashine ya kuvuta maji ilinguruma mahali tusipopaona. Baba alikuwa akizungumza na mbwa njia nzima, kwa sauti ya chini, naye hakuwahi kuzungumza na mtu yeyote kiasi hicho. Sikumsikia anasema nini. Nilidhani anamzoesha sauti yake.

Mizabibu ilipokwisha, na mahali pake pakaanza mawe na ile miti ya mlimani ambayo Waarabu huiita arari, Kashata aliacha njia. Alivuta kushoto. Baba alimvuta kulia, akavuta kushoto tena, bila ya kubweka, kama mtu anayekushika mkono kukuonyesha chumba. Baba akamlegezea kamba.

Tukafika kwenye jiwe kubwa, bapa kama meza. Kashata alipanda juu yake, akajizungusha, akalala. Katika ufa wa jiwe kulikuwa na maganda ya mbegu za alizeti, mengi mno, mengine yamekwisha kupauka, mengine bado meusi. Nassor hakuwahi kuwa na mfuko usio na mbegu hizo. Mama alizikuta mpaka ndani ya mashine ya kufulia. Hapo ndipo alipokuwa akikaa kutwa nzima, na sisi hatukuwahi kumwuliza huko juu huwa anafanya nini.

Baba alichukua ganda moja akalitazama. Kisha akanipa kamba.

Mbele ya jiwe kulikuwa na hatua chache za ardhi, na baada yake mlima ulikuwa umekatika. Chini, mbali sana, barabara ya kwenda pwani ilionekana kama uzi. Baba alitembea mpaka pale ardhi inapoishia, akasimama, mikono inaning'inia. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bondeni. Ulimfika magotini, ukamfika kiunoni. Aliukazia macho, na kila nilipodhani sasa atarudi, hakurudi.

Ningependa kukwambieni kwamba niliogopa. Sikuogopa. Niliona tu kwamba visigino vinaniuma na tumbo linalia.

"Baba, nina njaa," nikasema.

Hakugeuka. Nikasema tena, kwa ile sauti ya kudeka ambayo Mama alikuwa akiichukia.

"Baba. Nina njaa. Na viatu vinanibana."

Aligeuza kichwa polepole, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine.

"Nini?"

"Nina njaa, na viatu vinanibana."

Alinitazama. Kisha akarudi, hatua ndogo ndogo, akakaa karibu yangu juu ya jiwe, akakata mkate akanipa. Alinivua viatu. Visigino vilikuwa vimechubuka. Alitoa leso yake, akaichana mara mbili, akanifunga mguu mmoja, akafunga wa pili, akakaza fundo, akalifungua, akalikaza tena. Nilidhani anaona halikukaza. Nilikula mkate na jibini, nikala zabibu, nikampa Kashata kipande, akakinusa akakiacha. Ukungu ukatufunika sote watatu, tukangoja upite.

Awadh tulimkuta amekaa mbele ya zizi akisikiliza redio yenye mikwaruzo. Alikuwa mtu mnene, kidole gumba kimefungwa plasta, na alimtazama Kashata kwanza, sisi baadaye.

"Jina lake?"

"Kashata," nikasema.

"Kashta," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Kwa Kiarabu cha huko kashta ni matembezi ya kwenda jangwani na chakula na chai. "Mbwa anaitwa Kashta. Vyema. Ijlis, Kashta."

Kwa Kiarabu alimwambia akae; Kashata alimtazama kama unavyotazamwa ukuta.

"Ni kiziwi?"

"Si kiziwi," baba akasema. "Hajui Kiarabu."

Awadh aliinamisha kichwa akatutazama kuona kama tunamfanyia mzaha. Baba hakuwa na uso wa mzaha. Basi Awadh akazima redio, akaniambia, "Haya, mwalimu. Nifundishe."

Nikamfundisha. Nilisema "kaa," na Kashata akakaa. Awadh akasema "kaa," na Kashata akamfikiria kidogo, akaendelea kukaa, jambo ambalo Awadh alilihesabu kuwa ushindi. "Njoo" ilimshinda, ikatoka "injo," lakini Kashata akasogea hatua mbili. "Twende" alilisema vizuri kuliko baba. "Basi" alilijua tayari kutoka Kiarabu chake, bas, yaani imetosha, akafurahi kwamba maana zimekutana. Alirudia yote kwa mpangilio, kidole chenye plasta kikipiga mapigo juu ya goti, mtu mzima mwenye ndevu akisoma Kiswahili mbele ya mbuzi wake, nami nikamsahihisha kama Bibi alivyonisahihisha mimi, polepole, aseme tena.

"Kuna jingine?" akauliza.

Nikasema hapana.

Alimletea maziwa ya mbuzi ndani ya sufuria. Kashata alinusa, akaangalia njia tuliyojia, akanusa tena. Halafu akayalamba, mara chache, akaacha, akarudi. Baba alisimama akimtazama mpaka sufuria ikaonyesha chini yake. Kisha akasema yalla, tuondoke, jua linashuka.

Alifungua kamba akampa Awadh. Akachutama mbele ya Kashata akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, mtu ambaye nyumbani kwake mbwa hakuruhusiwa kupita mlangoni. Nikaona midomo yake inaanza kulitengeneza neno, lile tunalolisema sote.

"Usimwambie nakuja," nikasema.

Baba alinitazama.

"Atangoja," nikasema. "Hatakula."

Akabaki amechutama. Tatizo, wenzangu, ni kwamba mbwa yule hakuwa na neno la kuagana. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Kila aliyeondoka kwake alikuwa anarudi. Baba alitafuta, nikamwona anatafuta, na mwisho akamwambia Kashata kama ambavyo angemwambia mtu: "Kwaheri, baba. Ukae na huyu." Kashata alisikia neno moja analolijua, akakaa. Tukaondoka. Nilipogeuka, alikuwa bado amekaa, masikio yamesimama, akitutazama, lakini hakulala.

Kurudi tulipita njia iliyonyooka, si ile ya jiwe. Baba alinibeba mgongoni sehemu kubwa, ingawa nilikuwa mkubwa wa kubebwa.

Tulipofika nyumbani Mama alikuwa palepale, uso ukutani. Baba alivua viatu, akakaa chini kando ya godoro. Kisha Mama akauliza, sauti imekwaruza kwa kutotumika:

"Amekula?"

"Amekunywa maziwa," baba akasema. "Sufuria nzima."

Mama akageuka, akamtazama usoni, akanitazama mimi na vitambaa vyangu vya visiginoni. "Na huyu?" akauliza. Kisha akainuka akenda jikoni, akitembea kwa kushika ukuta, akanikaangia yai.

Sikulia siku ile. Nililia baada ya miezi mingi, darasani, kwa sababu penseli ilivunjika ncha, nikalia mpaka mwalimu akamwita Mama aje anichukue. Kuhusu Kashata, Ami Hemed alituletea habari mara kwa mara: anachunga, ananenepa, amemng'ata mbweha. Aliishi miaka mingi kule. Bibi akifanya kama hataki kusikia, lakini Ami Hemed akisahau kusema, alikuwa akiuliza, "Na yule wa ng'ambo?"

Mwaka jana nilikwenda Jeddah kuwaona wazee wangu. Baba sasa ameacha karakana, lakini hawezi kukaa bila ya bisibisi, na siku hiyo alikuwa amefungua feni ya mezani ambayo haikuwa na ubovu wowote. Nilikuwa nimekaa naye. Sijui kwa nini nilimwuliza siku hiyo, miaka yote imepita bila ya mimi kuuliza.

"Baba, siku ile ya Kashata. Njia ilikuwa ndefu, nami mdogo, viatu vyenyewe vya skuli. Kwa nini hukuniacha kwa Ami Hemed?"

Hakuinua macho. Alikaza skrubu, akailegeza, akaikaza tena.

"Ilibidi niwe na mtu wa kumrudisha nyumbani," akasema.

Akaniomba nimpe kitambaa. Nikampa, nikamwona tena amesimama pale ardhi inapoishia, ukungu kiunoni.

Miaka yote nilijiona kuwa mtoto aliyekaa pembeni ya msiba wa watu wengine, akila na kulala, asiyemfaa yeyote. Nilikuwa nikijiambia kwamba siku ile walau ningemshika mkono baba, walau ningesema neno zuri kuhusu Nassor. Sikuwa nalo. Nilikuwa na njaa, na viatu vilinibana, na nilitaka kurudi kwetu. Sikujua kwamba baba alikuwa hahitaji kingine chochote kutoka kwangu.